Zaina Sasa Ana Sura Nyingine

Jumapili, Ngombezi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ikapumzika alasiri. Nimekaa kwenye kitanda changu cha zamani nyumbani kwa Mama, simu mkononi, moyo mzito.

Leo nimetazama tamthilia ya Zamu ya Jana kwa mara ya kwanza tangu nilipotoka.

Mimi ndiye niliyekuwa Zaina wa kwanza. Zaina ni fundi mitambo wa miaka mingi ijayo. Anaingia kwenye mashine ya kuchakata mkonge katika kiwanda kilichoachwa, anatokea upande wa pili wakati wa Mwingereza, kwenye kambi ya manamba, wale vibarua walioletwa kwa mikataba kutoka mbali. Anamtafuta bibi yake. Tamthilia ni ya Shomari, niliyesoma naye. Aliniambia alimwandika Zaina akiniwaza mimi.

Mwanzo ulikuwa mbaya, sitaficha. Mashine ilikuwa mabati na taa za harusi. Meneja wa Kiingereza alikuwa jirani yetu aliyepakwa unga usoni, na jua lilipompiga, unga ukamchuruzika mpaka shingoni. Mimi nilivaa suti ya rangi ya fedha iliyonibana kwapani, nikasema maneno marefu kuhusu mawimbi ya wakati ambayo hata mwenyewe sikuyaelewa. Nikianza tu kusema, mbuzi nao wanaanza kulia.

Sehemu za kwanza zilipoonyeshwa, tulikwenda Handeni kwenye harusi ya ndugu wa mume wangu. Shemeji yangu akaniomba mbele ya watu niigize mngurumo wa ile mashine. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikaigiza. Njia nzima ya kurudi sikumsemesha mume wangu, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Nikamwambia Shomari natoka.

Hakugombana. Alinifuata hapa kwa Mama kunibembeleza. Alisema ameshaona alipokosea, nimvumilie kidogo tu. Nikakataa, nikaingia ndani kukunja nguo. Yeye akabaki uani na Mama. Niliwasikia, Mama akimsimulia habari za Bibi, mama yake mzazi, kwenye foleni ya posho, ule unga waliogawiwa vibarua. Nilikuwa nimeyachoka mambo hayo tangu utotoni.

Nikafunga dirisha.

Nafasi yangu akapewa Stela, binti wa kutoka Mpale aliyekuwa akitushikia taa. Na tamthilia ikapona. Nilikuwa nasikia sifa zake saluni na sokoni, najifanya sina habari. Suti ile ilitupwa. Mashine yenyewe haionekani tena, unasikia sauti yake tu na kuona vumbi likitikisika juu ya meza. Meneja amebaki buti na kivuli. Hotuba zimekwisha. Watu wanazungumza kama watu.

Leo nimekuja kumsalimia Mama, nikamkuta ameshawasha runinga. Nikakaa.

Zaina yuko kwenye foleni ya posho. Hana kadi ya kazi, kwa hiyo hagawiwi kitu. Mbele yake kuna mwanamke kijana, mjamzito. Mwanamke anageuka, anamtazama, anafungua fundo la kanga na kummiminia nusu ya unga wake. Kisha anauliza, "Una watu wako hapa?"

Stela alimtazama yule mwanamke, akalitazama tumbo lake. Ndipo akasema, "Ninao."

Mama alikuwa analia. Ile mimba ni yeye. Bibi yangu alimgawia mgeni unga wake namna hiyo hiyo, akamwuliza swali hilo hilo, na mgeni akaondoka bila kusema neno. Bibi alikaa na jambo hilo mpaka uzeeni.

"Yule binti amemjibia mama yangu," Mama akasema, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Hakukusudia kuniumiza. Alinimiminia chai.

Nimejiambia kwamba nililia kwa sababu yeye analia. Si kweli. Bibi yangu aliuliza, na aliyemjibu si mimi.

Nikampigia Shomari, nikampongeza. Akashukuru, akasema nimfikishie Mama salamu zake. Halafu nikauliza, kama mzaha, iwapo kuna nafasi.

"Dada, Zaina sasa ni Stela," akasema. "Nikikwambia vinginevyo nitakuwa nakudanganya."

Nimeandika hapa kwamba hata angenirudishia ningekataa. Nimefuta. Ningekubali kabla hajamaliza kusema.

Ila akasema kesho wanapiga picha Mkumbara, na wanahitaji watu wa kujaza foleni, watakaoonekana migongo tu. Nikamwambia nitakuja. Mama, aliyekuwa akisikiliza, akasema hata yeye anakuja, maana kopo wanalopimia unga silo. Shomari akacheka kwa furaha, akasema gari litatupitia asubuhi.

Sijui Stela atanipokeaje. Sijui nitamtazamaje. Nitamwambia amecheza vizuri, hilo ninaliweza.

Nimemwomba Mama anisimulie njiani habari zote za Bibi, tangu mwanzo. Anasema njia ya Mkumbara ni fupi mno kwa mambo hayo. Niweke simu, niende jikoni, tuanze sasa hivi.