Kwa Nini Mama Anakula Peke Yake

Kharumwa, Nyang'hwale,
14 Juni 2025.

Kwa dada yangu mpendwa Martina,

Shikamoo dada. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba huyo mdogo wenu mliyempa jina la babu, Maganga, ameshapona malaria iliyomsumbua mwezi uliopita. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Rhoda anakupa shikamoo nyingi. Nelly yuko darasa la tano, na George ameota meno mawili na kila mtu hapa nyumbani ameshang'atwa. Mvua zilikatika Machi mahindi yakiwa bado yanazihitaji, lakini mpunga wa bondeni umetusitiri.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi, na kutoka kwangu mimi niliyekuwa nikikulipa karanga uniandikie insha za shule. Sababu ni mbili. Kwanza, wewe simu huwa unaiweka spika ukiwa jikoni, na mama yuko jikoni humo humo. Pili, kwenye simu mimi ni hodari wa kukwepa kwa mizaha, na unajua. Barua hii nimempa Mwalimu Lusia anayekwenda huko Mpanda kwa mume wake. Nimeifunga kwa gundi mara mbili, kwa hiyo ikifika imefunguliwa mwulize yeye.

Umeniuliza mara tatu mama ana nini. Uliniambia kwamba tangu afike kwako Aprili hali na watu mkekani. Anachukua sahani yake anakwenda kukaa nyuma ya jiko, kikombe chake anakiosha mwenyewe na kukiweka kando na vya wenzake, na Maganga akimlilia abebwe, mama anarudisha mikono nyuma. Ukauliza kama tuligombana. Nikakujibu kwamba ni uzee tu na alitaka kubadilisha hewa, halafu nikakutania kwamba labda mapishi yako yamemshinda. Ulicheka sana. Dada, niliona aibu kabla hujamaliza kucheka. Na wiki iliyopita uliponiambia kwamba kila basi la kutoka Kahama likiingia anauliza kama kuna mtu wa nyumbani aliyetumwa kumchukua, nilikata simu nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Mama anataka kurudi kwake, na anayemzuia ni mimi.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana nikianzia mwisho utaichana barua.

Unamkumbuka Eustace, yule Mhaya mrefu niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja kule machimboni Mwakitolyo. Mapema mwaka ule wa 2021 tulikuwa tunafanya kazi pamoja kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Tulikula sahani moja, tukanywa kikombe kimoja, na shuka tuliazimana. Siku ya Jumatatu alianza kukohoa, na wote tukasema ni vumbi la mawe. Ijumaa alifariki amekaa, kwa sababu kulala kulimshinda. Wakati ule watu hawakuwa wakiutaja ugonjwa kwa jina lake, tulisema changamoto ya upumuaji, na mgodini ukivaa barakoa walikuita daktari kwa kejeli. Tulimzika mchana, jioni watu wakarudi kazini. Mimi nikawa nimekaa chumbani nasikiliza kifua changu.

Sikuumwa. Hilo ndilo jambo la ajabu, sikuumwa hata mafua. Nilirudi nyumbani Kharumwa mzima wa mwili, nikaanzisha karasha yangu hapa, watu wakasema Edson amerudi na akili. Hawakujua nimerudi na nini. Nilianza kwa kunawa mikono, jambo ambalo hata redio ilikuwa inatuhimiza. Baadaye nikawa na kijiko changu na kikombe changu. Kisha nikawa siwezi kukaa kwenye msiba ila nisimame upande unakotoka upepo. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu kwa saa ya simu, asubuhi kabla ya kuamkia mtu. Corona ikapita, watu wakaisahau, mimi nikabaki nayo peke yangu. Ikaja vita ya Ulaya, dizeli ikapanda, nikawa naamka na simu mkononi kusoma habari za nchi ambazo sijui hata ziko upande gani. Mwaka huu Januari ilipotangazwa homa ile ya kutoka damu huko Kagera, nilikaa siku sita bila kwenda kazini. Rhoda nilimwambia mgongo unauma. Dada, mwanaume mzima wa miaka thelathini na minane, mwenye mke na mashine, nilikuwa naogopa mlango wangu mwenyewe.

Sasa sikia habari ya mama. Wakati ule wa corona, kumbuka, yeye ndiye alikuwa akiwachemshia watu nyungu kitongoji kizima. Mikaratusi, mchaichai, majani ya mlimao, sufuria kubwa ya sherehe, na watu wanapanga foleni kuingia chini ya blanketi lake wajifukize. Hata Boaz, jirani yetu wa upande wa josho, alikuja na mkewe na akatoka anasema amezaliwa upya. Mimi nilikuwa naiona foleni ile na mwili unanisisimka. Niliwaona watu wote wale wakipumulia mahali pamoja, na mama katikati yao. Tangu hapo nikawa siwezi kula chakula kilichotoka mikononi mwake. Mikono iliyonilea, dada. Nilikuwa namwona Eustace kwenye kila sahani yake.

Lakini unamjua mama, hawezi kupika bila kuwaletea wajukuu. Ugali na nsansa, yale majani ya kunde ya kukaushwa, maziwa mgando, viazi. Nilikuwa napokea kwa mikono miwili, nashukuru, namwambia mayu, mama yangu, umetushibisha. Akishaondoka nakwenda nyuma ya choo, nachimba shimo, nakifukia. Kumpa mbwa sikutaka, kwa sababu watoto humshika mbwa. Kumwaga jalalani sikutaka, kwa sababu kuku hudonoa. Kwa akili yangu ile nilikuwa natunza afya ya familia. Sikufikiri hata siku moja kwamba hapa kwetu, mtoto akionekana anafukia chini chakula cha mama yake mzazi, hakuna atakayesema ni usafi.

Boaz aliniona, si mara moja. Hakuniuliza, na mimi sikujua kwamba nimeonekana. Februari mitamba yake miwili ikafa wiki moja. Haukupita muda mtoto wake akashikwa na degedege. Mtoto alipona, lakini maneno hayakupona. Walianza kuuliza zile dawa za kufukiza mama alifundishwa na nani. Wakayaona macho yake. Macho ya mama unayajua, ni moshi wa miaka hamsini wa kupikia mabua ya pamba na samadi, lakini unajua pia nchi yetu hii, macho mekundu ya bibi kizee yameshawaponza wangapi wakaitwa wachawi. Kisimani wanawake wakawa wanamwachia nafasi kubwa mno. Na kila aliyetaka kumtetea aliambiwa jambo moja tu, kwamba mwanawe wa kumzaa hali chakula chake, anakifukia, na yeye ndiye anayemjua zaidi.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Amosi, ni mtu mwema. Aliogopa jambo lile litafika mahali pabaya, akaitisha kikao Jumamosi asubuhi uwanja wa ofisi ya kijiji, ili lizimwe mbele ya kila mtu. Mama alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani. Aliketi benchi la mbele na alikuwa ametulia kabisa, kwa sababu alijua nipo.

Boaz alisema yeye hamtuhumu mtu, anasema tu alichokiona kwa macho yake. Ndipo Mzee Amosi akanigeukia. Alisema Edson, wewe ni mtoto wa nyumba ile, waambie watu, bila shaka chakula kilikuwa kimechacha, useme tu tuondoke. Fikiria, dada. Hata uongo alikuwa ameshanitengenezea, kazi yangu ilikuwa kuitikia.

Hapa ndipo ninapoomba uniombee kabla ya kuendelea kusoma.

Watu kama mia moja na hamsini walikuwa wamesongamana pale. Nyuma yangu kulikuwa na mzee anayekohoa. Alikuwa amekohoa mara nne, nami nilikuwa nahesabu, nangojea ya tano. Mbele yangu wamesimama vijana wawili wa karasha yangu, ambao wiki ile ile nilikuwa nimemcheka mmoja wao kwa kufunga kitambaa puani asivute vumbi. Ukweli wangu ulikuwa maneno machache tu, kwamba naogopa magonjwa, naumwa hofu, mama hana kosa. Sikuyasema. Nilisema mambo ya jikoni kwangu hayahusu kikao. Watu wakaguna. Wanawake wawili waliokaa benchi moja na mama wakasimama, wakahama. Na mimi, Mungu anisamehe, sikuwa nafikiria benchi. Nilisema vile kwa sababu nilitaka kikao kiishe haraka nikanawe mikono.

Nilikwenda kunawa. Nilinawa mpaka sabuni ikaisha.

Mama hakunilaumu wala hakupaza sauti. Siku ya tatu alifunga mizigo yake, akasema atakwenda kwa Martina. Nilimsindikiza stendi na watoto. Nelly alipotaka kumkumbatia, mama aliingiza mikono yake ndani ya kitenge, akamwambia bibi ana mafua. Halafu akaniita pembeni, akaniuliza kwa Kisukuma, taratibu, kama kuna ubaya wowote aliowahi kunitendea bila yeye mwenyewe kujua. Akasema watu wanasema jambo hilo linaweza kuwa ndani ya mtu naye asijue. Akasema kama liko, nimsamehe, na ataiweka mikono yake mbali na wajukuu. Nilimjibu kwamba gari linaondoka.

Kwa hiyo, dada, sasa unajua kwa nini anakula nyuma ya jiko. Hakukasirika wala hajachanganyikiwa kwa uzee. Anamkinga mwanao. Amekubali maneno ya watu kwa sababu mimi niliyakubali kwanza.

Utauliza kwa nini nasema leo, baada ya miezi miwili. Jibu ni Nelly. Rhoda aliona mikono ya mtoto imechanika mpaka inatoa damu, akampeleka kituo cha afya akidhani ni fangasi. Daktari, binti mdogo tu, alimwuliza Nelly ananawa mara ngapi, naye akajibu kwamba hajui kwa sababu akikosea kuhesabu huanza upya. Alipoulizwa nani amemfundisha, akasema baba. Daktari akataka kuniona. Nilikwenda nimejiandaa kubisha, lakini aliponiuliza tu kama nalala, nililia mbele yake kama mtoto aliyepotea sokoni. Alisema watu wengi wametoka na jambo hili kwenye miaka ile, wazee kwa watoto, ila wengi wanaficha. Alisema ni ugonjwa na una tiba, nirudi kila Alhamisi na Nelly. Nimeshakwenda mara tatu. Habari za simuni nimeziacha, isipokuwa mpira. Sikudanganyi kwamba nimepona. Hata barua hii nimeisimamisha mara mbili nikaenda kunawa.

Rhoda nimemwambia yote. Mpaka leo chakula ananiwekea mezani bila kunitazama. Alhamisi nilikwenda kwa Mzee Amosi nikamwambia pia. Alisema kikao kitaitishwa tena Jumamosi ijayo, pale pale, na safari hii hatanisaidia hata neno moja. Boaz ataitwa. Wale vijana wa karasha nao watakuwepo. Naogopa kusimama mbele ya watu wale, lakini safari hii nitasema. Kama nitazirai nitazirai nikiwa nimeshasema.

Ninachokuomba ni kimoja, na ni kigumu. Msomee mama barua hii, kwa Kisukuma, yote, polepole. Usiruke pale kwenye shimo la nyuma ya choo, wala pale kwenye benchi, hata kama unanionea huruma. Akiisikia akasema hataki kuniona, usinitetee. Ulikuwa ukinitetea tangu nikiwa mdogo na umeona nimekuwa mtu gani. Nikimaliza kikao nitapanda basi kuja huko, nimwambie kwa mdomo wangu, na kama atakubali nimrudishe kwake.

Msalimie shemeji, watoto, na majirani walionipokea vizuri mwaka juzi. Rhoda anasema nguo za Maganga atazituma na mimi nikija. Mungu awalinde wote hapo.

Na leo hii hii, kabla hujafanya kazi nyingine, mwambie mama kwamba lile swali aliloniuliza stendi nalijibu sasa. Hapana, mayu. Hukuwahi kunitendea ubaya wowote.

Mdogo wako mwenye aibu,
Edson