Vikombe Alivyoviosha Wifi

4 Februari

Kwako wifi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha harufu ya rangi kimekuacha. Sisi tumefika salama. Mkaguzi alilala safari nzima begani kwangu, tulipoingia tu ndani akaamka na kuanza kazi yake ya kukagua: kiatu cha baba yake mdomoni, spana ya bomba mdomoni. Jina ulimpa wewe, na limemkaa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya nyumbani iko mikononi mwa Mama, na mambo ya mawifi si ya kusikilizwa na mama mkwe.

Wifi, tangu nirudi sina hadithi nyingine. Nimemsimulia kaka yako ile picha ya birika la umeme, jinsi dirisha lako lote limeingia kwenye tumbo la birika, na wewe mwenyewe umo mle, mdogo kama punje, umeshika brashi. Na ile ya waya wa chaja uliojikunja pembeni ya yai. Nani angewaza kuchora chaja? Kwetu chaja ni kitu cha kutafuta na kugombania. Wewe umeikalisha kama bibi harusi. Mimi niliacha shule mapema, sina maneno ya kusifia picha, ila nilisimama pale nikitazama mpaka mtoto akanilowesha mgongo.

Nimemweleza na Mama. Alisikiliza huku anakunja nguo. Akasema, "Kwa hiyo anachora birika."

Nikasema ndiyo, Mama.

"Alipokuwa kiwandani alibuni chupa za chai, watu wakamimina chai, wakanywa. Hilo birika lake la ukutani linamchemshia nani?"

Akaendelea, "Nilimpa mwaka mmoja, na mwaka wenyewe unaishia kwenye hayo maonyesho yake ya Aprili. Nitakwenda kuona kwa macho yangu mawili. Nikiona ni mchezo, anarudi kiwandani. Kiti chake bado hakijakaliwa na mtu."

Ahadi ulimpa mwenyewe, wifi, na najua huwezi kumvunjia. Basi ile picha kubwa itakayokaa ukuta wa katikati, imalize, nakuomba.

Sasa nikupe habari njema. Asubuhi ile ulipotoka kwenda kumwona mwenye ukumbi, basi letu lilikuwa bado. Nikajisemea, siwezi kula na kulala kwa wifi yangu halafu niondoke kama mgeni wa hoteli. Ile meza ya dirishani ilikuwa inanichoma macho tangu siku ya kwanza. Vikombe vitatu vina masalia ya chai yaliyokauka, nusu chungwa limesinyaa, pakiti ya maziwa imekatwa mdomo, waya umetupwa katikati. Kila nikinyanyua kikombe unaniambia, "Acha wifi, acha kabisa." Nikajua unanionea haya. Mtu anayejifungia kila asubuhi kuchora, atapata wapi muda wa kuosha vikombe?

Basi nimeosha vyote nikavifunika juu ya kitambaa vikauke. Chungwa na pakiti nimetupa. Meza nimeisugua mpaka mbao zimerudisha rangi yake. Ile picha kubwa uliyoifunika shuka sikuigusa hata kwa ukucha, maana ulisema hatazami mtu mpaka iishe. Natumaini ulikuta kweupe ukafurahi.

Wifi yako akupendaye,
Mama Mkaguzi


11 Februari

Kwako Mama Mkaguzi,

Nimefurahi kusikia mmefika salama. Kikohozi kimekwisha. Mbusu Mkaguzi, msalimie kaka na Mama.

Nilikuta kweupe kweli. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa mbele ya hiyo meza. Sijakasirika, wifi, naomba uniamini. Ila kwa sasa sina la kuandika.

Wifi yako,
Mchoraji


20 Februari

Wifi yangu, wifi wa mawifi,

U hali gani? Mimi afya ninayo, amani sina.

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Nikamwonyesha kaka yako, nikamwambia dada yako ana jambo, soma. Akasoma ya kwako, akataka kujua na mimi nilikuwa nimeandika nini. Nikamweleza kila kitu, vikombe, chungwa, sabuni. Akaweka kijiko chini.

"Hivyo vikombe vilikuwa mbele ya dirisha?"

"Ndiyo."

"Na hiyo picha iliyofunikwa, ilikuwa imeelekea wapi?"

"Imeelekea mezani."

"Mke wangu," akasema, "umeosha picha ya dada."

Nilizoea kuona picha zako zimekwisha, zimetundikwa. Sikujua kwamba vitu vyenyewe vinakaa vinakusubiri wiki nzima, mwezi mzima, kama watu wanaopigwa picha. Nilidhani unavitoa kichwani. Na wewe "acha wifi, acha kabisa" ulikuwa unaniambia niache kweli! Sisi tuliolelewa kwa adabu tutakufa nayo. Kwetu mtu akisema "acha" ndiyo unakazana.

Nikamwuliza kaka yako tufanyeje. Akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki, na anayekuambia ni fundi bomba." Halafu akacheka, baba huyu! Nikampiga na taulo.

Lakini mimi sikati tamaa. Nimetafuta vikombe vitatu vinavyofanana na vyako. Chai tunakunywa kwa zamu, tukiacha masalia kidogo, halafu naviweka juani vikauke. Mama ameniuliza tangu lini nimekuwa mvivu wa kuosha vyombo. Chungwa la kwanza Mkaguzi amelikagua mpaka likaisha. La pili liko juu ya kabati, linaanza kusinyaa vizuri. Pakiti ya maziwa nimeikata mdomo kwa upande ule ule wa kushoto. Vikiwa tayari navifungasha kwa nguo na kukutumia kwa basi. Nieleze tu kama waya ulipita mbele ya pakiti au nyuma.

Nisamehe, dada wa mume wangu. Nimekuharibia, na Aprili inakuja mbio.

Wifi yako mwenye sabuni,
Mama Mkaguzi


15 Machi

Kwako Mama Mkaguzi, mpenzi wa usafi,

Hujambo wewe? Mkaguzi ameota meno mangapi? Mimi mzima, ila mgongo unanidai.

Sanduku lako limefika. Nililifungua sakafuni, nikaviona vikombe vyako vimekauka chai kwa ustadi, na lile chungwa lililosinyaa lina alama mbili za meno madogo. Nilicheka mpaka seremala wa chumba cha pili akaja kugonga. "Dada, kuna msiba au harusi?" Nikamwambia vyote viwili.

Nimekaa kimya mno, najua. Sikuwa na cha kukuambia mpaka nijue mwenyewe. Siku ile niliporudi nilikaa chini nikalia. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nikaona mgeni amekuja, mwenyeji anatafutiwa sanda.

Kesho yake nikajaribu kuvirudisha. Nikanywa chai kwa vikombe vingine, nikaacha masalia, nikanunua chungwa. Nikatazama, nikaona ni maigizo. Nikasema basi, nitamalizia kwa kichwa. Hapo ndipo mkono wangu wa kiwandani ulipoamka. Miaka yote ile, wifi, nilichora vyombo ambavyo hakuna mtu amewahi kuvishika. Hiyo ndiyo kazi ya mbunifu: kikombe anakichora kabla hakijazaliwa. Nikikichora kwa kichwa kinatoka kipya, kimenyooka, kinasubiri kununuliwa. Picha ikaanza kufa mbele yangu, na kila nikiirekebisha inazidi kupendeza na kuzidi kufa. Nikafikiria kumpigia bosi simu, nimwambie narudi nisisubiri aibu ya Aprili.

Sikuwa nimevigusa vile vyako ulivyoviosha. Kwa hasira, nisikufiche. Halafu asubuhi moja nimekaa tu, sina nia yoyote, jua likaingia likaviangukia. Vikombe vitatu vimefunikwa, kimoja kimemwegemea mwenzake kama mtoto anayesinzia. Kitambaa umekikunja vizuri, ila pembe moja imejirudi, nadhani hapo ulikumbuka basi. Waya wa chaja umeuzungusha ukaufunga kwa kibanio chako chekundu cha nywele, kwa hiyo uliondoka nywele zimekuangukia usoni na mtoto mgongoni. Na chini ya kikombe kimoja maji yaliacha duara kwenye mbao.

Nikaona mtu, wifi. Hayupo, lakini meza yote imejaa yeye. Picha zangu nyingine vitu nimevipanga mimi, nikivisogeza kidole kwa kidole. Hii meza ilipangwa na mtu aliyekuwa ananionea huruma tu, hakujua kama kuna macho yatatazama.

Nimefuta ile kubwa yote. Nachora juu yake vikombe vyako, weupe juu ya weupe, na wekundu ni wa kibanio peke yake. Sijawahi kuchora kitu kigumu hivi, wala sijawahi kuamka na hamu hivi. Hofu yangu ni Mama. Kama birika aliliita mchezo, vyombo vilivyooshwa ataviitaje?

Mtakuja wote, eeh? Wewe ukiwa pembeni yangu sitatetemeka.

Wifi yako,
Mchoraji


22 Aprili

Mama Mkaguzi wangu,

Pole na uuguzi. Homa ya mtoto imeshuka? Kaka aliniambia mlangoni kwamba umebaki, moyo ukaniporomoka, kisha nikaona haya kujihurumia wakati wewe hujalala. Mimi sijambo, mwili mzima nje, ndani natetemeka bado.

Nikusimulie basi, maana mumeo ukimwuliza atakuambia "palikuwa na watu."

Watu walikuja kweli. Mama aliingia na kile kiatu chake cha shughuli. Picha za mwanzo alizipita mwendo wa mtu aliyetumwa chumvi. Birika alilitupia jicho akaguna. Nikasema nimekwisha. Akafika ukuta wa katikati. Akasimama.

Wifi, alisimama! Watu wanapita mbele yake, yeye yupo. Kaka akamletea kiti, akakataa kwa mkono bila kugeuka. Bwana mmoja mwenye miwani akajisogeza, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Sasa hapa pana nini? Si vyombo tu?" Mama akamjibu taratibu, "Baba, sogea kidogo, unanizibia."

Basi. Hilo ndilo neno pekee nililomsikia akilisema kuhusu kazi yangu. Alipotoka alinishika mkono, akaona rangi kwenye ukucha, akatia kidole chake mate akanifuta kama nilivyokuwa mdogo. Akasema basi litawaacha. Wakaondoka.

Mwenye ukumbi anataka niendelee, anasema ukuta wa katikati ni wangu mwakani. Lakini sikumpa ahadi yeye, nilimpa Mama. Na bosi wa kiwandani ameandika kwamba anataka jibu langu kabla mwezi haujaisha, la sivyo kiti kinapata mwenyewe. Sijamjibu. Siwezi kumwuliza Mama kwa simu, sauti itanitoka vibaya. Wewe uko naye nyumba moja, wifi. Amesema nini?

Nisaidie,
Wifi yako, Mchoraji


30 Aprili

Kwako wifi yangu,

Mkaguzi amepona, anakula viatu kama zamani, na mimi nimelala usingizi wa kweli. Natumaini na wewe unalala. Kama hulali, kaa kitako usome taratibu.

Siku za kwanza Mama hakusema kitu. Kaka yako alikuwa anazungumza kwa macho tu, kila Mama akiingia ananiangalia, nami namwangalia. Hakuna. Anakunja nguo, anamwogesha mjukuu, anasema chumvi imezidi.

Halafu juzi asubuhi nilikuwa jikoni nimebandika maziwa. Akaniita. Nikamkuta dirishani ameinamia jagi letu lile la plastiki la bluu, lililopasuka mdomo. Akasema, "Njoo usimame hapa nilipo mimi. Usilisogeze." Nikasimama. "Unaona kivuli chake?" Nikasema naona. "Cha rangi gani?"

Nikasema cheusi, Mama, kivuli si cheusi?

"Tazama, usiniambie unachokijua."

Nikatazama. Wifi, kilikuwa na ubluu ndani, na pembeni kabisa palikuwa na rangi kama ya zambarau bivu. Jagi hilo tunalo tangu niolewe! Mama akasema, "Miaka yote nachota maji na hili jagi, hakuna aliyeniambia." Hakuwa anacheka. Tukabaki pale, mtu na mkwewe, tunatazama kivuli, mpaka maziwa yakafurika na nyumba ikanuka.

Nilikuwa bado napangusa jiko simu ikalia. Mama akaipokea, akaiweka mbali na sikio kama kawaida yake, kwa hiyo nilisikia yote. Alikuwa bosi wako wa zamani. Ametafuta namba ya nyumbani kwa sababu humjibu. Akasalimia vizuri, akamwuliza Mama hali, kisha akasema, "Mama, nilikuwa namtafuta binti yako, yuko hapo?"

Mama akasema, "Hayupo. Yuko kazini."

Bosi akasema, "Kazini wapi, mama? Kazi yake si iko huku kwetu? Kiti chake bado tunamtunzia."

"Mpeni mwingine akalie," Mama akasema. "Mwanangu yuko kazini kwake, na saa hizi hasumbuliwi." Akamtakia siku njema, akatia simu mfukoni.

Mimi nimesimama na kitambaa, kinadondosha maziwa sakafuni. Akanitazama.

"Unashangaa nini? Kamwandikie wifi yako. Si ndiyo kazi yako, ukidhani sijui."

Nikamwuliza, nimwandikie niseme nini, Mama?

"Mwambie nilichomwambia bosi."

Basi nimekuambia.

Wifi yako,
Mama Mkaguzi