Jina Letu Ukutani

Ghorofa ya pili, mlango wa saba,
Mtaa wa nyuma ya shule.
Jumatano, tarehe 22 Oktoba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hali yako? Wifi yangu hajambo? Na wanangu wawili je, yule mdogo meno ya mbele yameshaota au bado anacheka na pengo? Kile kikohozi chako cha asubuhi kimekwisha, au unajitibu kwa kukinyamazia kama kawaida yako? Sisi huku miili ni mizima. Mama miguu inamvimba akisimama sana, ila ulimi wake ni mzima kuliko wa sisi sote. Nasema miili tu, kwa sababu roho yangu ina wiki tatu haijakaa mahali pake.

Hakuna msiba, usishtuke. Lakini kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Aliyeanza ni mpwa wako wa miaka tisa, bila kujua. Shuleni kwao waliandaa Siku ya Majirani, sherehe ya makabila na mataifa yote yanayoishi mtaani kwetu. Kila jamii ingepewa meza ukumbini, iwaonyeshe wenzake lugha yake na nyimbo zake. Mwalimu akawatuma watoto waulize nyumbani asili yao ni wapi. Mimi unajua ningemjibu nini. Ni lile jibu la kuficha tulilokubaliana tulipokimbia, miaka kumi na miwili iliyopita. Bahati mbaya nilikuwa kazini. Akamuuliza Mama. Na Mama akamwambia.

Tena hakuishia kumwambia. Alimtajia kabila, akamtajia ukoo, akamsimamia mpaka akaviandika kwenye daftari herufi kwa herufi.

Nilijua Jumatatu iliyofuata, nikipita geti la shule kwenda kazini. Tangazo lilibandikwa ukutani kwa maandishi makubwa, majina ya jamii kumi na moja. La kwetu lilikuwa la nne. Nilishika ukuta. Kaka, mara ya mwisho kuliona jina letu limebandikwa ilikuwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, kule, siku Baba alipokwenda kuuliza kwa nini yumo kwenye orodha. Wewe ulimsindikiza mpaka kwenye kona. Sina haja ya kukukumbusha kwamba hakurudi.

Siku hiyo niliunguza mashuka mawili ya hoteli. Mimi, niliyepiga pasi pale miaka tisa bila kuunguza hata leso! Na mwenzangu wa meza ya pili, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akazidi kunimaliza.

“Umeliona tangazo la shule? Hao wa nne ndio kwanza nawasikia. Ni watu gani hao?”

“Sijui,” nikamjibu.

Niliwakana watu wangu, Kaka, huku nimeshika pasi.

Kesho yake nikawahi getini na mkasi wa kazini. Nilitaka kukikata kile kipande tu, mstari wa nne, basi. Sijakaa sawa, mlinzi huyo nyuma yangu.

“Mama, unatafuta nini hapo?”

“Karatasi imekaa upande. Naiweka sawa.”

“Na mkasi?”

“Ndio wa kuiwekea sawa.”

Akacheka, akanishukuru kwa kujali mambo ya shule, kisha akaenda kuchukua pini nne akaigandamiza kila kona. Nimemsimulia shemeji yako akacheka hadi machozi. Mimi sikucheka.

Nilimkabili Mama jikoni. Nikamuuliza amesahau nini, hadi awape watu jina letu. Nilipandisha sauti, Mungu anisamehe. Aliendelea kukausha sahani yake.

“Sijasahau kitu,” akasema. “Naogopa kuliko wewe. Lakini mtoto ameniuliza yeye ni nani. Nimwambie sijui?”

Neno hilo la “sijui” nilikuwa nimeshamjibu Redio mimi mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Nilikwenda kwa sababu nisingeweza kumwachia Mama aende peke yake. Meza yetu ilikuwa karibu na mlango wa pembeni, nami nikashukuru. Nilishaupima mlango ule kwa macho, nikauhesabia hatua. Wenzetu walikuwa wamepamba. Meza ya kulia ina vitambaa na ngoma, ya kushoto ina picha za harusi na wazee waliovaa wakapendeza. Sisi tulikuwa na kitambaa cheupe, jina letu juu yake, na Mama kwenye kiti. Basi. Tulitoka kule mikono mitupu, tungeleta nini?

Mwalimu akamwomba Mama awafundishe watoto kuhesabu kwa lugha yetu. Kipaza sauti kikagoma, akaitwa fundi umeme, akakitengeneza. Mama akaanza. Moja, mbili, tatu. Kaka, sauti yake ikajaa ukumbi mzima! Lugha tuliyokuwa tukinong’ona chooni ikatoka kwenye spika mbili kubwa, na watoto wasiopungua hamsini wanaiitikia. Nilitamani sakafu inimeze. Na nilitamani asinyamaze.

Hapo ndipo niliwaona wanaume wawili wakipita kila meza, wanapiga picha. Walimpiga Mama, wakalipiga na jina. Kabla sijauliza ni akina nani, yule fundi umeme akaweka koleo lake chini, akaja moja kwa moja mezani kwetu. Akamwamkia Mama kwa lugha yetu.

Maneno yalikuwa yetu. Lafudhi ilikuwa ya wale waliotufukuza.

Nilimvuta mtoto kwa nguvu hadi akalia. Nikamwambia Mama, “Nyanyuka, twende.” Mama hakunitazama. Alimwitikia yule mtu kwa kirefu, kama anavyoitikiwa mgeni aliyekuja kwa heshima. Fundi akamuuliza tunatoka kijiji gani, na Mama, bila hata kumeza mate, akamtajia.

Mtu mzima yule alichuchumaa mbele ya kiti, akafunika uso kwa mikono.

“Mama yangu alikuwa wa kwenu,” akasema. “Baba ndiye wa upande ule. Walipoweka orodha, jina la mama lilikuwemo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu siku hiyo sijamsikia mtu anayehesabu kama yeye.”

Mama akamwekea mkono kichwani. Sijui walizungumza nini zaidi, maana nilikuwa nimesimama kati yao na mlango, natafuta kwenye uso wake dalili ya uongo. Sikuiona. Lakini hata kule hatukuiona dalili yoyote kwa majirani, Kaka. Ndiyo maana nashindwa kuacha kutafuta.

Jumapili yule fundi alikuja kututembelea na mkewe. Alimrekebishia Mama taa ya chumbani, wakaongea mchana kutwa. Mama anamwita “mwanangu.” Mimi nilimpa chai, nikamhesabia kila anapoangalia dirishani. Nadhani ni mtu mwema. Nadhani hivyo, lakini sina hakika.

Sasa nifike kwenye sababu ya barua. Wale wapiga picha walikuwa wa gazeti. Jana Redio alinijia nalo mkononi: Mama yuko ukurasa wa tano, kinywa wazi, na jina letu mbele yake linasomeka vizuri kabisa. Redio akaniangalia, akaangalia picha, akaniangalia tena. “Kumbe ndio nyinyi,” akasema. Nikamwambia, “Ndio sisi.” Aliniomba nimfundishe kuhesabu. Nilifika hadi sita nikashindwa kuendelea, nikaenda kulia kwenye stoo ya sabuni.

Wewe huko umebadilisha hata jina la Baba. Wakubwa wako wa kazi hawajui, na nadhani hata wakwe zako hawajui. Wewe na Mama mnafanana macho na paji la uso; mtu akiliona gazeti atajua wewe ni mwanawe. Ndiyo maana nakuandikia mapema, lisije likakufikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mama ameikata ile picha, ameniamuru niitie kwenye bahasha hii. Anasema uitundike sebuleni. Kama huwezi, ichome, Kaka, wala sitakulaumu. Mimi nimeshakata shauri la kubaki na jina letu, kwa woga huu huu nilio nao, lakini siwezi kukuamulia wewe. Ukiichoma niambie mimi peke yangu. Mama nitamdanganya kwamba ipo ukutani.

Nisalimie Wifi sana, umwambie nimemkumbuka kwa vicheko vyake. Wanangu wabusu mashavu yote mawili. Shemeji yako anakusalimu, na mpwa wako anauliza Mjomba atakuja lini.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akujalie siku moja ulitaje jina la Baba bila kutazama mlango kwanza.

Ni mimi dada yako mwoga, nikupendaye siku zote,

Kijiti.