Kondoo Niliyempeleka Ukweni

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Bibi yako hajambo, yuko shambani anapalilia karanga. Unauliza kama neno la Kiingereza "sturdy" ni "imara" tu. Nami niliamini hivyo nilipopeleka kondoo wa posa huko Ushetu, maana daktari wa mifugo, Mzungu, alimtazama akasema, "Sturdy."

Kumbe kwao ni ugonjwa wa kizunguzungu pia. Kondoo alizunguka uani mpaka akaangukia sufuria ya ugali. Nikambana magotini, nikaendelea kujieleza.

Baba mkwe akacheka. "Huyu hakimbii aibu. Mpeni kiti."

Juzi mama yako alitusomea kwenye kamusi kwamba zamani neno hilo lilimaanisha mtu aliyepigwa bumbuwazi. Bibi yako akasema, "Basi siku ile walikuja wawili, nikaolewa na mmoja."

Babu yako akupendaye