Bahari Upande wa Kulia

Boko,
Dar es Salaam.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Ferdinand,

Pokea salamu nyingi kutoka Boko. Habari za Malmö, habari za kazi, habari za hiyo baridi ambayo najua imeshaanza kuwapigia hodi? Wifi yangu Margareta hajambo? Na Benjamin ameshaanza shule, au bado anawaendesha nyumbani? Sisi huku tupo. Valerian mume wangu amepona mgongo na ameanza tena kulalamikia chumvi. Mimi bado nafundisha darasa la nne na bado sauti inanikauka kila Ijumaa. Na Baba, nilitaka kuandika kwamba hajambo, lakini kalamu imegoma. Nitamfikia.

Najua unashangaa kuona barua ya karatasi, tena kwa mkono wa Noela, binti wa jirani yetu, anayerudi chuoni huko kwenu. Nikikupigia simu, Baba yuko kwenye kiti chake barazani na anasikia kila neno, hata nikienda kujificha uani kwenye kamba za nguo. Nikikuandikia kwenye simu, ujumbe ukizidi mistari minne unanijibu kwa kidole gumba. Karatasi haijibiwi kwa kidole gumba. Kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho.

Nina hasira na wewe, Ferdinand. Nimekaa nayo wiki nzima nikidhani itapoa, haikupoa.

Jambo lenyewe ni hili: Baba haoni. Jicho la kulia lilizimika Pasaka ya mwaka jana. La kushoto linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Ni presha ya macho. Daktari alitueleza kwamba kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki, na hicho kilichobaki hakuthubutu kutuahidi kama kitafika Pasaka ijayo. Baba alinikataza kukwambia. Alisema utaacha kazi ya watu uje kumtazama mzee mmoja, na macho hayarudi kwa kutazamwa. Nimemtii mwaka mmoja na zaidi. Leo namvunjia amri, na akijua atanuna, lakini heri anune.

Sasa nije kwenye safari yako ya Unguja. Naiita yako kwa sababu wewe ndiye uliyeiahidi, pale uwanja wa ndege, miaka kumi na moja iliyopita. Baba kapeleka vinyago Unguja miaka yote ya kazi yake, na kila mara alikaa nyuma ya pikapu akishikilia maboksi, mgongo kwa dereva. Alikuwa anatuambia kwamba kisiwa kile anakijua kwa kukiona kinamkimbia. Ukamwambia utarudi, utamkalisha kiti cha mbele, utamwendesha pwani yote taratibu. Mwaka juzi ulikuwa unakuja. Mwaka jana ulikuwa unakuja. Mwaka huu ulikuwa unakuja mwezi wa sita. Mwezi wa nane, badala yako, ikaja ratiba.

Ninayo hapa mbele yangu. Vituo saba. "Kituo cha kwanza, msitu wa Jozani, 9:40 mpaka 10:05. Kituo cha pili, Paje, 10:35 mpaka 10:50, video fupi." Mdogo wangu, kuendesha basi la watu wa Malmö ni kazi ya heshima na sote tunajivunia, lakini Baba si basi. Gari umeshalikodi, boti umeshalipia, ramani iko kwenye simu, na mimi dereva nimepangiwa mpaka muda wa kwenda haja. Nilimwambia Baba tuikatae. Akasema zawadi ya mtoto hairudishwi. Kisha akaniambia nipige pasi lile koti lake la suti analovaa kwenye misa ya Pasaka, na nimtafutie kofia yake ya pama. Nikamwambia kule ni joto. Akasema nipige pasi.

Basi Jumamosi ya tarehe sita tukavuka na boti ya asubuhi, na Twaha, yule kijana mwenye gari, akatupokea bandarini. Gari dogo jekundu, safi, ila dirisha la abiria linashuka nusu. "Lashuka nusu tu, bi mkubwa, lakini upepo wapita," akaniambia, na kweli ulipita. Ningekuwa na yeye tu nisingekuwa na neno. Lakini nilikuwa na yule dada wa kwenye simu, anayeamrisha kwa Kiingereza na kutamka Bwejuu kama jina la ugonjwa. Baba alicheka alipomsikia. Hakucheka tena kwa saa nyingi.

Jozani tulisimama dakika zako ishirini na tano. Watu walikuwa wanapiga picha kima, na Baba kasimama kando ya gari na koti lake, anatoka jasho, ananiuliza, "Hapa kuna watu gani?" Nikamwambia watalii. "Watalii tu?" Nikasema watalii na waongozaji wao. Akasema haya, twende. Paje akaniuliza vilevile. Nikadhani anaogopa kugongana na watu.

Baada ya Paje ndipo nilipotaka kukupigia nikutukane. Uliandika hivi: "Paje kwenda Michamvi, kuelekea kaskazini, ili bahari iwe kulia, upande wa Baba." Nililisoma mara tatu. Ferdinand, abiria wa kwetu anakaa kushoto. Kulia nimekaa mimi, nimeshika usukani. Huko Uswidi ndiko abiria anakaa kulia. Umetupangia safari ya mzazi wako ukiwa umesahau mtu wa nyumbani anakaa upande gani wa gari. Upande wa Baba kulikuwa na vichaka na mawe.

Na usidhani mimi nilifaidi. Barabara yenyewe inapita nyuma ya hoteli. Kulia kwangu ni ukuta, geti, mlinzi, halafu ukuta, geti, mlinzi. Mara mojamoja, kati ya ukuta na ukuta, kinatokea kipande cha bluu chenye upana wa kanga, na kabla sijafungua mdomo kimeshapita. Sijui ramani yako iliyaonaje maji. Labda iliangalia kutoka juu, kama ndege.

Hapo ndipo nilipoanza kudanganya. Nilimwonea huruma mzee na koti lake. Nikasema, "Baba, bahari hiyo kulia, leo imetulia." Akageuza uso, akasema, "Naiona. Rangi yake nzuri." Ukuta ulikuwa mweupe, umepakwa chokaa upya. Nikaendelea. Nikamwambia kuna watoto wanaogelea, kuna kina mama wanarudi na ndoo za pweza, nikamwekea na ndege. Kila nilichomwambia alikiona. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba ningeweza kumwambia kuna nyangumi.

Kituo cha tatu, Bwejuu, aliniuliza tena vilevile, nikasema watalii; cha nne kilikuwa Dongwe. Mlinzi alituambia kwa adabu zote kwamba ndani wanaingia wageni wa hoteli tu. Tukachukua video yako nje, kando ya uzio. Baba kwanza akaniuliza hapo kuna nani. Nikamwambia mlinzi. Akanyoosha koti, akaiweka sawa kofia, akasema yale uliyoyasikia, "Ferdinand mwanangu, tumefika. Bahari naiona mpaka kule mwisho. Ahsante kwa zawadi." Wewe ukajibu, "Mzee anaenjoi," na mioyo mitatu.

Fungua tena hiyo video. Tazama kidole chake kinaonyesha wapi. Kinaonyesha tangi jeusi la maji lililo juu ya mnara, nyuma ya jiko la hoteli. Mimi nilikuwa nimeshika simu, nikamwacha aonyeshe. Wewe una macho mawili mazima, umelitazama tangi, na ukatuma mioyo.

Kutoka hapo yule dada wa kwenye simu akatuingiza kulia, kwenye kinjia cha mchanga, akatupeleka mpaka kwenye majani makavu kisha akanyamaza. Nikazima simu. Nikazima na gari. Nililalia usukani nikalia kwa hasira, mtu mzima na mvi zangu. Nilipoinua kichwa mlango wa kushoto uko wazi na Baba anatembea peke yake kuelekea kwenye vijiti vya kuanikia mwani. Nikapiga kelele. Mama mmoja aliyekuwa akitandaza mwani wake juani akatupa kikapu, akamwahi mkono.

Jina lake Mauwa. Hakunitazama kwa upole hata kidogo. "We dada, mzee haoni huyu. Mbona wamwachia kwenda peke yake?"

Hakuna mtu aliyewahi kulisema hilo mbele ya Baba kwa sauti. Nyumbani tunasema macho yanamsumbua. Nikasubiri awake. Baba akasema, "Ni kweli, mama. Sioni. Bahari iko wapi?"

"Bahari imetoka. Leo bamvua, maji yamekwenda mbali kule, hapa pamebaki mchanga. Waweza kutembea?"

Akasema anaweza. Kwa hiyo kujaa na kupwa kwa maji navyo hukuviweka kwenye ratiba. Tulitembea karibu nusu saa kwenye mchanga wa baridi, Mauwa kamshika mkono huu, mimi huu, viatu vyake vya kanisani nimevining'iniza shingoni kwa kamba. Mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, akasimama.

Akaniita. Nikaitika.

"Kule tulikopita kulikuwa na ukuta."

Nikaviweka sawa viatu vyake shingoni.

"Tangu tulipotoka Paje. Gari likipita ubavuni mwa ukuta sauti yake inarudi. Kwenye uwazi hairudi. Wewe umeniwekea watoto wanaogelea ndani ya ukuta."

Nikamwambia nisamehe Baba, nikaanza kulia tena. Akasema, "Na mie si nimekwambia nawaona?" Akacheka, Ferdinand, akacheka mpaka Mauwa akamshika kwa mikono miwili asianguke. Mimi nikacheka na machozi yangu. Nilidhani tumeshamaliza, kwamba siku imepona.

Kisha akauliza vituo vimebaki vingapi. Nikamwambia vitatu.

"Tuviache," akasema. "Naona hayupo."

"Nani, Baba?"

"Mdogo wako."

Nikamuuliza Ferdinand angekuwepo vipi, yuko Uswidi. Akasema, "Nilidhani yupo kwenye kimojawapo. Mtu haandiki saa na dakika kama hakuna anayesubiri."

Nisikilize vizuri. Ndiyo maana ya lile koti. Ndiyo maana kila tuliposimama aliniuliza kuna nani. Alipoisikia ile ratiba nikimsomea, tisa na arobaini, kumi na dakika tano, alijua moyoni kwamba mwanawe ameshatua, amejificha mahali anataka kumshtua, na dada mtu amepewa kazi ya kumleta kwa wakati. Alivaa kwa ajili yako. Vituo vinne aliteremka garini akitaraji kusikia "Shikamoo Baba", na vituo vinne akaambiwa watalii, mlinzi. Halafu akasimama mbele ya simu akakushukuru kwa zawadi.

Mauwa, ambaye hakujua habari zetu hata chembe, alimwambia, "Atakuja, babu." Baba akamwambia, "Naam, atakuja," kwa sauti ya kumwondolea mgeni aibu. Tukarudi ufukweni, Mauwa akatupa chai, tukamrudishia Twaha gari lake mapema.

Tangu turudi hajalitaja tena. Koti amenirudishia mwenyewe kwa kupapasa, akaniambia nilifue lina chumvi. Jana tu aliniomba nimwonyeshe picha yako ile ya mwaka mpya. Akaisogeza simu karibu na jicho la kushoto, akaipitisha polepole, akaona paji, akaona pua, akaona shavu. Aliizungusha muda mrefu. Kisha akanirudishia, akasema vipande anaviona ila sura haikusanyiki.

Kwa hiyo sitaki ratiba nyingine. Sitaki kifurushi, wala miwani ya Ulaya ambayo najua ndilo jambo la kwanza umelifikiria sasa hivi. Nataka uombe likizo uje kabla ya Krismasi, na uje na Benjamin, maana mjukuu huyo Baba anamjua kwa sauti tu. Huna haja ya kumzungusha popote. Keti mbele yake mchana, kwenye mwanga, karibu, utulie. Mwache akuangalie kipande kimoja kimoja kwa muda anaoutaka yeye, hata ikichukua siku nzima.

Na usimpigie simu kabla hujapata tarehe. Ukimpigia bila tarehe atakuuliza habari za kazi, utasema nzuri. Utamuuliza habari za macho, atasema mazima. Na mimi nitakuwa nimesimama hapo kati nikiwasikiliza. Pata tarehe kwanza, kisha nipigie mimi, nami nitampa simu.

Valerian anakusalimu, anasema kitanda cha chumba cha mbele amekikaza misumari. Shangazi Vaileth wa Chang'ombe anakusalimu na kukuuliza kama bado unakula ugali. Mbusu Benjamin, mwambie shangazi yake wa Boko ni mkali lakini anapika vizuri. Wifi Margareta mwambie namtegemea yeye zaidi yako.

Mungu akulinde barabarani na akufikishe kwetu wakati bado unaweza kuonekana.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, na ndiyo maana nimekukasirikia,

Flaviana Kasimiri