Nimemponza Wifi Yangu, na Kompyuta Inatuma Yenyewe

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi, maana nimechanganyikiwa hata sijui nianzie wapi.

Mimi ni fundi mtandao wa chuo, na wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni mkutubi hapo hapo, na Jumanne moja saa nne asubuhi mtandao ulikuwa mzito hata wahadhiri wakawa wananipigia simu kwa zamu, nikafungua darubini, ndivyo tunavyoiita ile programu inayonasa na kusoma kila kinachopita mtandaoni, ambayo kwa miaka mitatu nimeifungua mambo yakiharibika tu, nikaona kompyuta ya maktaba inatuma mzigo mkubwa kwenye anwani nisiyoijua, mchoro umeinuka kama mlima, nikamwita mkuu wa chuo, naye akauliza, "Nani anakaa kwenye kompyuta hiyo?" nikamtaja wifi, akatikisa kichwa, "Kikulacho ki nguoni mwako, fundi," na kabla ya adhuhuri wifi alikuwa amesimamishwa kazi kwa tuhuma ya kutorosha siri za chuo.

Alipokuwa akikusanya vitu vyake aliniambia, "Wifi, mimi hata kubandika picha kwenye barua nakuita wewe, leo nimekuwa jasusi?" nami sikumwamini, kwa sababu mlima niliuona kwa macho yangu.

Sasa Jumanne iliyofuata, saa nne, mlima umerudi, kompyuta ile ile, anwani ile ile, na wifi yuko nyumbani, na chumba kimefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao mkuu mwenyewe, basi sielewi kama ni kirusi alichokiacha, au ni kazi ya kompyuta ile tangu zamani, au darubini inanidanganya, na kaka yangu ameniuliza swali moja tu, "Ulimpima nani, mtandao au mke wangu?" na tangu hapo hapokei simu zangu, na Alhamisi nimeitwa kikaoni kutoa ushahidi wa kumfukuzisha wifi kazi, na nikisema sijui, nitaonekana fundi gani?

Fundi wa Darubini

Fundi,

Utaonekana fundi asiyejua, na ndivyo ulivyo. Kutojua hakujamfukuza mtu kazi. Kilichomponza wifi yako ni wewe kujifanya unajua.

Pole, lakini sikuachi. Uliuona mlima, sikatai. Utajuaje kwamba haukuwapo siku zote? Muuguzi humjua mwenye homa kwa sababu analijua joto la mtu asiyeumwa. Wewe hujawahi kuupima mtandao ukiwa na afya hata siku moja, kwa hiyo Jumanne ile huenda kila kitu kilikuwa mwenyeji, na mgeni ulikuwa wewe. Tena nimeisoma barua yako mara mbili: Jumanne ya pili mlima ulirudi, lakini husemi kwamba simu za wahadhiri zilirudi. Basi hata uzito wa mtandao hujui ulitoka wapi!

Mwandikie mkuu leo hii. Andika ulichokiona, usichokijua, na habari ya Jumanne ya pili, bila kuipunguza. Omba chumba kifunguliwe mbele yenu wote, mtazame kompyuta imeagizwa kufanya nini saa nne. Mtafute fundi uliyempokea kazi, umuulize anwani ile ni ya nani. Mimi nadhani ni nakala za akiba za maktaba, zinazojituma zenyewe kila Jumanne, lakini dhana yangu si ushahidi, kama yako isivyokuwa.

Kisha anza kupima mtandao ukiwa mzima: kila siku, saa zile zile, Jumanne usiikose, na wiki ya mitihani pia. Andika kwenye daftari. Baada ya miezi miwili utakuwa na kipimo cha hali ya kawaida, na ndipo utakapokuwa na haki ya kushtuka.

Lakini kabla ya yote hayo, nenda kwa kaka yako kwa miguu yako. Usianze habari za anwani na mizigo. Mwambie wifi yako, "Nilikutaja kabla sijajua." Na Alhamisi uyarudie maneno hayo hayo mbele ya kikao, kwa sauti ile ile uliyomtajia.