Pastèque ya Golf

Siku ya yenga, 8 février 1976

Mu Lubumbashi muzima muntu wa bahati ni moja, jina yake Kasonde. Naandika juu benye bahati habaandikake. Banakula, banalala. Benye kulia njo banajaza bitabu.

Niko na bibi, Angélique. Karatasi ya serikali inasema Ngalula, lakini padri alimubatiza Angélique, na mi siite bibi yangu jina ya karatasi. Mimba yake miezi munane. Niko na kazi ku kompanyi, ku transport. Na niko na chef mwenye kukaa Golf, mutaa ya matajiri, villa na bustani nyuma. Mu ile bustani munaota pastèque, ile tikiti ya mayi. Kila magaribi ananiita: Kasonde, hii ya bibi yako. Nani mwingine mu mutaa yetu ya Bel-Air chef wake anajua kama bibi yake iko na mimba?

Juu Angélique hakule kingine. Bukari ya bunga inarudia kwa kinywa. Samaki inarudia. Chai pia. Pastèque tu njo inabakia. Anaikata katikati, anakaa pa mulango, anakula na kijiko mpaka kwenye nyeupe. Mbegu anatemea mu sahani ya émail – ting, ting. Mi nimefika Ndola, nimefika Lobito nikaona bahari mbele ya vita kukata njia ya reli. Hakuna kitu niliona kule kinapita ile ting-ting.

Siku ya tatu, 11 février

Mama-mukwe amefika. Mama Albertine, siku tatu mu train toka Kongolo, na kuku mbili mu kitunga. Anakuya kungojea mutoto.

Kwabo mukwe na mama-mukwe habatazamane mu macho, na habasemezane. Heshima. Nikitoka kwa mbele, yeye anatokea kwa nyuma. Akiwa na neno, anaambia kikuta ya nyumba. Mi nasikia, najibu kikuta ya upande yangu. Nyumba yetu iko na bikuta ine, yote sasa inajua Kiswahili.

Leo alikuta Angélique na kijiko yake.

"Kikuta," anasema, "kwetu mwenye mimba hakulake kitu ya mayi mingi namuna hii. Mutoto anaogelea, anapoteza mulango wa kutokea."

"Kikuta ya huku," mi nasema, "ambia mwenzako: mutoto mwenye kujua kuogelea atapata kazi ku bateau ya muto Lualaba."

Angélique alicheka akishika tumbo. Mama pia alicheka, nilisikia. Akafanya sawa anakohoa.

Siku ya posho, 14 février

Salongo, ile kazi ya bure ya serikali. Tumefagia ile njia tunafagiaka kila wiki siku ya posho, na kila mara tunaikuta sawa vile.

Kwenye kupumuzika babili batatu baliniomba tena hadisi yangu ya décembre. Ni hivi. Asubui, mbele ya kuanza kazi, walikuwa banatuchezesha kwa ajili ya parti, chama ya serikali, na chef wa cellule analalamika: ninyi batu ba transport, juu ya nini hamutikise tumbo? Mi nikasema: Citoyen, yetu iko na nafasi ya kucheza, ya kwako njo imejaa. Bantu mia mbili walicheka. Mia mbili! Ata leo, mu salongo, muzee moja aliacha ufagio akakaa chini. Kasonde, weye, anasema, ile kinywa yako. Mi nikamwambia, kinywa ni mali.

Nilirudia, kikuta ilikuwa inaningojea.

"Kikuta, bunga ya mwezi huu iko mu karatasi ya soko, kidogo kidogo. Juu ya nini hapana mu saki, ile gunia ya kompanyi, sawa ile Angélique aliniandikiaka?"

"Kikuta, shaba yenyewe inalala mu wagon toka njia ya Lobito ikatwe. Unataka saki njo itembee?"

Safari hii hakukohoa. Na Angélique anageuza pastèque mu mikono, ananiuliza: "Kasonde, chef wako anaziangusha zote? Kila moja inafika na mupasuko."

Nikamwambia matajiri bako hivi, bintu mingi, mikono mbili.

Siku ya ine, 19 février

Migulu ya Angélique imevimba. Viatu yake haiingie tena, anavaa savate yangu. Nilifinya na kidole, kashimo kakabakia. Nilingoja kafunge. Kalikawia.

Mama anaambia kikuta: "Njo mayi ya pastèque. Imekosa pa kwenda, imeshuka mu migulu."

Angélique, mara ya kwanza, yeye pia ameambia kikuta: "Nikiacha pastèque, nitakula nini? Chokaa yako?"

Siku ya pili, 24 février

Iandikwe yote leo.

Angélique na mama yake walienda ku dispensaire ya mission. Infirmière ni mwanamuke wa Bemba, Chomba, hana mucheko. Alifunga mukono ya Angélique na ile kamba ya tension, akapompa, akapompa tena, akaangalia. Mama alimwambia: ni pastèque. Chomba akamujibu: Mama, pastèque haina kosa, muache akule. Damu yake njo inapanda. Chumvi aache, makayabo, samaki ya chumvi, aache. Na asingoje uchungu umushike hapa. Bwana yake anatumika wapi? Ku kompanyi? Basi wiki hii hii aende na carte ya kazi ya bwana ku maternité ya kompanyi, bamulaze, docteur amuangalie kila siku. Ikipanda zaidi ataanguka kifafa, yeye na mutoto.

Angélique alinielezea hii pa mulango, pole pole, sawa vile mwalimu anasomea batoto dictée. Akanyoosha mukono. "Unipe carte, Kasonde. Kesho asubui tunaenda."

Mama alikuwa nyuma ya kikuta. Nilisikia anaacha kusafisha sufuria.

Nikasema carte iko ku bureau. Banapiga tampon mupya, muhuri ya mwaka mupya. Wiki moja.

"Wiki moja," Angélique anasema.

Na hapo – nitaiandika sawa ilivyokuwa – nikasema: na halafu, tumusikilize mama. Infirmière ni mutoto wa juzi, mama amezaa munane. Tuache pastèque wiki moja, tuangalie kama migulu itashuka. Ikishuka, maternité ya nini?

Miye! Miye mwenye kucheka ile maneno toka siku ya kwanza. Siiamini ata kidogo. Nilisema na kinywa yangu ile ya mali.

 Angélique akasukuma sahani ya émail na mugulu, ikaenda mpaka chini ya kitanda.

Na kikuta ikasema, na sauti ya furaha: "Kikuta, unasikia? Leo mukwe amepata akili."

Siku ya tano, 27 février

Mama amechinja kuku ya pili ya Kongolo, juu yangu. Nyama yote, na firigisi juu ya bukari, heshima ya mukwe muzuri. Angélique aliniletea sahani, akaiweka, akaenda kulala bila kuonja.

Nilikula. Ilikuwa tamu. Njo kitu kinaniumiza.

Siku ya yenga, 29 février

Siku tano bila pastèque. Migulu haishuke. Uso sasa. Pete ya ndoa imezama mu kidole, Mama alijaribu na sabuni, haitoke.

Nilimwambia Angélique hadisi ya muzungu wa Ndola na nyoka. Anaipendaka ile. Akasema: "Carte, Kasonde."

Désiré, rafiki yangu wa kazi, ananiambia: mupeleke, useme kweli, utakufa na haya lakini yeye atapona. Nikasema kesho. Désiré akasema: weye unachekesha bantu mia mbili, bibi moja unamuogopa.

Siku ya kwanza, 1 mars

Kesho.

Siku ya ine, 4 mars

Saa mbili ya asubui. Nimekaa pa banc ya inje ya maternité ya kompanyi. Mu koti nimekuta hii cahier ya kuandika na bic. Carte sina, cahier niko nayo.

Asubui sana Angélique aliamuka na kichwa kinapasuka. Anaona nyota, anasema, nyota na jua imetoka. Mama hakuambia kikuta. Alipiga makelele mpaka bantu ba Bel-Air wakatoka mu malupangu, mu viwanja vyabo.

Nilikimbia kwa Désiré kuleta pousse-pousse, ile mukokoteni yake. Tulitandika godoro, tukamulaza, Désiré anasukuma, mi navuta, Mama anatembea pembeni na kitambaa ya mayi. Katikati ya njia nikageuka. Angélique alikuwa analalia ubavu. Na kidole anakwangua mbao ya pousse-pousse, pale mbegu za pastèque zimekauka na kubandika. Mingi sana. Alitoa moja. Akaiangalia. Akafunga mukono juu yake.

Pa mulango infirmière wa huku akauliza carte. Nikasema tumeisahau ku nyumba. Akauliza matricule, nikamupa, ile namba ya kazi haiwezi kutoka mu kichwa yangu. Amemuingiza Angélique, amemulaza mu couloir kwenye kitanda kidogo, amesema: namupima tension, lakini docteur hamushike bila bureau kukubali. Napiga telefone ku bureau. Mungoje.

Tunangoja. Mi pa banc. Mama kule ngambo, chini pa kikuta, mugongo kwangu, heshima. Désiré na pousse-pousse yake pa barabara. Ananiangalia tu.

Najua bureau itajibu nini. Nilitoka kule 15 décembre, siku tatu nyuma ya ile hadisi ya tumbo. Chef wa cellule hakucheka, yeye moja mu bantu mia mbili na moja. Balinipa karatasi ya kunifukuza, wakachukua carte. Nilirudia ku nyumba na ile saa ya kila siku, na kesho yake nikatoka na ile saa ya kila siku.

Hôpital ya serikali iko. Na pousse-pousse, saa moja, labda kidogo kupita. Tungeenda kule moja kwa moja, sasa tungekuwa tunafika. Kila dakika nangoja hii telefone, ni dakika ya Angélique naikula. Najua. Na bado naandika.

Mu couloir nasikia infirmière anasema namba yangu mu telefone. Anairudilia. Mara ya pili amekosea namba? Hapana. Anasikiliza.

Mama Albertine amesimama. Hatazame kikuta. Anakuya huku, kanga imefungwa vibaya, na macho yake iko mu macho yangu. Sikuwa najua ziko namuna gani. Ziko sawa ya Angélique.

"Mukwe," anasema. Kwangu, hapana kwa kikuta. "Acha kuandika. Simama uniambie."

Mama, hakuna chef wa Golf. Kule Golf ata mbwa hawanijue. Hakuna kazi. Mi na Désiré tunanunua pastèque ku balimi, njia ya Kinsevere, tunaziuzisha mu barabara, na zile zinapasuka, zile bantu banakataa, njo nilikuwa naletea mutoto yako. Bahati ya Kasonde ni bongo, ni uongo, toka mustari ya kwanza. Nimeiandika hapa kwanza ili kinywa izoee.